Vipuri vya magari ya kale vyaishia kwenye mzani

Mei 2024 bei ya shaba katika Soko la Metali la London ilivuka dola za Marekani 11,000 kwa tani. Mwishoni mwa mwaka 2001 tani hiyo hiyo ilikuwa imeshuka chini ya dola 1,500. Wenye yadi za vyuma chakavu wanaielewa hesabu hiyo kuliko wachumi wengi, na wezi nao hawako nyuma.

Wizi wa vyuma unaotangazwa sana ni ule wa nyaya za umeme, mataruma ya reli na vifuniko vya mitaro, kwa sababu huzima taa na kusimamisha treni. Upo wizi mwingine, mdogo kwa uzito lakini mkubwa kwa hasara, ambao hausikiki kwa kuwa anayeumia ni mtu mmoja mmoja. Huo ni kung'olewa kwa vipuri vya magari ya kale na kuviuza kwa kilo. Rejeta ya shaba, boneti ya alumini, taa za shaba ya njano, silinda hedi, kabureta: vitu ambavyo viwanda viliacha kuvitengeneza miaka 40, 60 au 100 iliyopita huvunjwa kwa nyundo asubuhi moja ili mzani usome vizuri.

Kwa mfanyabiashara na mwekezaji mdogo, swali la kwanza hapa ni la bei. Mtu aliyepata mali inayoweza kuuzwa kwa mamia au maelfu ya dola anawezaje kukubali makumi?

BEI MBILI ZA KITU KIMOJA

Kila kipuri cha gari la kale kina bei mbili. Ya kwanza ni bei ya kilo, ambayo hupanda na kushuka na soko la London. Ya pili ni bei ya kipande, ambayo haijali London inasema nini. Inategemea vipande vilivyosalia ni vingapi na wanaovitafuta ni wangapi. Bei ya kilo inapatikana karibu kila mtaa, kila siku, taslimu. Bei ya kipande inapatikana kwa mnunuzi mmoja ambaye pengine yuko Nairobi, pengine yuko Birmingham, na mnunuzi huyo kabla ya kutoa fedha atauliza kipande kimetoka wapi, kilikuwa kwenye gari gani na namba yake ni ipi.

Mwizi hana majibu ya maswali hayo. Anapouza kwa kilo si lazima awe mjinga wa bei. Anakwenda kwenye soko pekee lisilouliza. Tofauti iliyopo kati ya bei hizo mbili ndiyo ada anayolipa ili asiulizwe.

Chukua mfano wa rejeta ya lori la zamani, tuseme Bedford, na tuseme ina uzito wa kilo 12. Kwa bei ya London ya Mei 2024, kilo moja ya shaba safi ilikuwa dola 11, hivyo rejeta nzima ingekuwa dola 132. Lakini rejeta si shaba safi. Mapezi yake ni shaba nyekundu, mirija na matangi ni shaba ya njano, na viungo vyote vimelehemiwa kwa risasi na bati. Kiwanda hupunguza bei kwa sababu ya mchanganyiko huo, yadi inaweka faida yake, mwenye mkokoteni anaweka yake. Tukikadiria kuwa aliyeing'oa usiku anaondoka na robo ya bei ya London, mkononi ana dola 33.

Mwenye lori anaanza hesabu yake upande wa pili. Anahitaji rejeta ya umbo lile lile au fundi wa kuunda kiini kipya kwa mkono. Katika muda wote wa kutafuta, gari haliendi. Rejeta za alumini na plastiki za magari ya siku hizi hazimfai, kwani mara nyingi hazikai mahali pake, na hata zikilazimishwa zikakaa, gari limepungua uasili ambao ndio uliokuwa ukilipandisha bei.

Wizi wa kawaida huhamisha mali kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine. Aliyeibiwa redio anajua redio yake inalia kwa mtu mwingine. Katika wizi huu, dola 33 tu ndizo zilizohama. Thamani iliyobaki haikumwendea mwizi, wala mwenye yadi, wala kiwanda.

Mfano ulio wazi kuliko yote hauhusu gari. Desemba 2005, huko Hertfordshire nchini Uingereza, wezi walifika na lori lenye winchi wakabeba sanamu la bronzi la mchongaji Henry Moore, lenye uzito wa zaidi ya tani 2. Thamani yake ilikadiriwa kuwa pauni milioni 3. Mwaka 2009 polisi walieleza kuwa wanaamini lilikatwa vipande na kuuzwa kama chakavu, na kwamba wezi hawakupata zaidi ya pauni 1,500. Hiyo ni pauni 1 kwa kila pauni 2,000. Hakuna mfanyabiashara halali anayeweza kuuza bidhaa kwa punguzo la namna hiyo akaendelea kufungua duka.

ALUMINI YA LAND ROVER

Land Rover lilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika maonyesho ya magari ya Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa cha mgawo, ilhali alumini ilikuwepo kutokana na viwanda vya ndege. Waundaji wakatumia aloi ya alumini na magnesi, iliyojulikana kwa jina la Birmabright, kwa ajili ya boneti, milango, madigadi na sehemu kubwa ya bodi. Chasisi ikabaki ya chuma.

Magari hayo yalienea Afrika Mashariki yote kwa polisi, mabwana shamba, misheni na hifadhi za wanyama, na mengi yalikufa kifo cha kawaida: yaliegeshwa nyuma ya karakana, majani yakaota, kutu ikala chasisi. Bodi haikuliwa, kwa kuwa alumini haishiki kutu kama chuma. Kwa hiyo baada ya miaka 50 kilichobaki kizima ni kile kile ambacho yadi inakitaka. Na ndicho ambacho fundi wa kufufua magari anakitaka pia. Wote wawili wanatafuta boneti moja, isipokuwa mmoja anaihitaji ikiwa nzima.

Thamani ya magari haya ilipanda zaidi pale kiwanda kilipofunga. Defender la mwisho, mzao wa moja kwa moja wa lile la 1948, lilitoka kiwandani Solihull tarehe 29 Januari 2016. Mwezi mmoja kabla, Desemba 2015, gari lililotangazwa kuwa la milioni 2 katika ukoo huo lilipigwa mnada London kwa pauni 400,000, fedha zikaenda kwenye shughuli za hisani. Bei hiyo ilikuwa ya gari moja maalumu na haifai kuwa kipimo. Hata hivyo tangu hapo watu wa bima za mashambani Uingereza wamekuwa wakionya juu ya Defender zinazoamka asubuhi hazina boneti wala milango. Huko kipande kilichoibiwa kina nafasi ya kuuzwa kama kipande, kwa sababu magari yanayokitumia bado ni mengi na mlango mmoja huingia kwenye matoleo mengi. Ni uhalifu, lakini mlango unabaki mlango.

Soko la kipande lipo Afrika Mashariki pia, ingawa ni dogo. Nairobi imekuwa na maonyesho ya magari ya fahari, Concours d'Elegance, tangu 1970. Mashindano ya East African Safari Classic yalianza mwaka 2003 na huleta magari ya zamani kutoka nchi nyingi kukimbia katika barabara zile zile za vumbi. Peugeot 404, iliyoshinda Safari Rally mwaka 1963, kisha mfululizo 1966, 1967 na 1968, ndiyo iliyobeba abiria na mazao ya nchi hizi kwa miaka mingi baadaye. Silinda hedi yake ni ya alumini. Nyingi zimekwishayeyushwa, na ndiyo maana chache zilizobaki zina watu wanaoziulizia.

MWENYE YADI ALIYENGOJA

Wapo wanaosema kuwa mwenye yadi hana njia nyingine. Kazi yake ni kukata na kupima. Historia ya mji wa Barry, kusini mwa Wales, inaonyesha vingine.

Kati ya mwaka 1959 na 1968, Dai Woodham wa kampuni ya Woodham Brothers alinunua kutoka Shirika la Reli la Uingereza vichwa vya treni za mvuke vipatavyo 297 ili avikate. Shirika lilikuwa likihamia kwenye dizeli na umeme na lilitaka mvuke iondoke haraka. Lakini Woodham alikuwa pia amenunua mabehewa ya mizigo kwa wingi, na behewa ni rahisi zaidi kukata kuliko kichwa. Akaanza na mabehewa. Vichwa vikakaa kwenye reli za yadi, upepo wa chumvi ukivipiga mwaka baada ya mwaka.

Mwaka 1968, mwaka ambao mvuke iliondolewa rasmi katika reli kuu za Uingereza, kikundi cha wapenzi wa treni kilinunua kichwa kimoja na kukiondoa. Wengine wakafuata. Hadi la mwisho lilipoondoka mwaka 1990, vichwa 213 kati ya vile 297 vilikuwa vimeuzwa vikiwa vizima badala ya kukatwa. Woodham, aliyefariki mwaka 1994, hakuwa mtunza makumbusho. Alikuwa mfanyabiashara wa chakavu aliyeona kuwa mteja mwingine yuko mlangoni, akakubali kungoja wateja hao wachangishane fedha.

Vikiwa vizima, imesemwa. Lakini vizima si neno kamili. Wakati vikisubiri, vichwa hivyo viliporwa. Mabomba ya shaba, vali na vipimo vya shaba ya njano, beringi na vibao vya majina viling'olewa, vingine na wezi wa kawaida, vingine na wakusanya kumbukumbu, na vingine na wafufuaji wenyewe waliokuwa wakichukua kwa jirani kile walichokikosa kwenye kichwa chao. Waliovinunua baadaye walikuta mwili mkubwa wa chuma usio na vitu vyake vidogo, na hivyo vidogo ndivyo vilivyowamaliza fedha.

Ukubwa wa gharama hiyo unaonekana katika kichwa namba 71000, Duke of Gloucester. Kilijengwa Crewe mwaka 1954, kikiwa pekee cha aina yake, na kiliondolewa kazini mwaka 1962. Silinda moja ilitolewa rasmi na kukatwa ili iwekwe kwenye maonyesho ya Makumbusho ya Sayansi, London, na mitambo yake ya vali, aina ya Caprotti, ikaenda. Hakuna aliyeiba; wenye mali walitoa. Lakini kwa waliokinunua kutoka Barry katika miaka ya 1970 hali ilikuwa ile ile ya mtu aliyeibiwa kitu kisicho na mfano wake. Hapakuwa na kichwa kingine cha kuazima sehemu. Ilibidi silinda zisubiwe upya na mitambo ya vali iundwe upya kutoka kwenye michoro. Kichwa kilirudi barabarani mwaka 1986, zaidi ya miaka 10 baada ya kununuliwa. (Katika kazi hiyo wafufuaji waligundua kasoro za ujenzi za mwaka 1954, wakazirekebisha, na mashine ikafanya kazi vizuri kuliko ilivyowahi. Hiyo ni bahati, na bahati haiwekwi kwenye mpango wa biashara.)

Afrika Mashariki nayo ina hesabu yake ya aina hii. Vichwa vya Garratt vya daraja la 59, vilivyotengenezwa na Beyer, Peacock ya Manchester katika miaka ya 1950 kwa ajili ya reli ya Afrika Mashariki, vilikuwa 34. Vilipewa majina ya milima na vilikuwa vikubwa kuliko vyote katika reli za upana wa mita moja. Vimebaki 2, Mount Gelai na Mount Shengena, kimojawapo kikiwa katika Makumbusho ya Reli, Nairobi. Vingine 32 vilikwenda kwa kilo, kihalali kabisa, kwa kuwa wakati huo hapakuwa na mteja mwingine aliyeonekana.

KATIKA TANURI

Safari ya kipuri kilichoibiwa ni fupi. Aliyeking'oa humpa mwenye mkokoteni au mwenye mzani wa mtaani. Huyo hukipeleka yadi. Yadi hukivunja, kwa sababu alumini yenye boliti za chuma ndani yake hupunguziwa bei, na shaba iliyotenganishwa hulipwa zaidi kuliko ile iliyochanganyika. Baada ya hapo huenda kwenye kiwanda, kwenye kontena la kusafirishwa nje, au kwa msubuji wa karibu. Nyundo ya kwanza ndiyo inayoua bei ya kipande. Ndiyo pia inayofuta ushahidi, maana namba ya injini haisomeki kwenye vipande vya bloku iliyopasuliwa.

Wasubuji wa sufuria wa Gikomba na Kamukunji, Nairobi, na wenzao wa Gerezani, Dar es Salaam, hawafanyi kosa kununua alumini chakavu. Bila pistoni na gia boksi mbovu sufuria za bei nafuu zisingekuwepo. Lakini wana sababu zao wenyewe za kutaka kujua kilichomo kwenye gunia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulipima vyombo vya kupikia vya alumini kutoka nchi 10, Kenya na Tanzania zikiwemo, na baadhi vilitoa risasi. Chanzo cha risasi katika vyombo vya namna hiyo ni chakavu kilichochanganywa bila kuchaguliwa.

Hatari nyingine ni moto. Bloku ya injini ya Volkswagen Beetle, gari lililoshinda Safari Rally mara kadhaa kati ya mwaka 1953 na 1962, imesubiwa kwa aloi ya magnesi. Kwa macho inafanana na alumini, ila ni nyepesi zaidi mkononi. Magnesi ikishika moto huwaka kwa mwanga mkali na ukiimwagia maji huzidi. Dunia ililiona hilo Le Mans, Juni 1955, ambapo Mercedes-Benz 300 SLR lenye bodi ya aloi ya magnesi liliruka na kuwaka kando ya watazamaji. Watu zaidi ya 80 walikufa katika ajali hiyo. Msubuji anayeitupa bloku ya Beetle kwenye tanuri akidhani ni alumini anacheza na kitu hicho hicho.

Na kwa wanaotaka kujua umbali ulipo kati ya bei ya kilo na ya kipande unapofika mwisho: Mei 2022 gari la ukoo huo huo wa 300 SLR, mojawapo ya mawili tu yaliyojengwa likiwa na paa, liliuzwa na Mercedes-Benz kwa mnada Stuttgart kwa euro milioni 135. Metali yake, kwa mzani, isingenunua hata matairi yake.

SHERIA INAMTAZAMA MNUNUZI

Serikali nyingi zimetambua kuwa wezi ni wengi na wanunuzi ni wachache, hivyo sheria humfuata mnunuzi. Uingereza na Wales zilipiga marufuku malipo ya taslimu kwa vyuma chakavu Desemba 2012, na sheria mpya ya wafanyabiashara wa chakavu ikaanza kutumika Oktoba 2013. Muuzaji anaonyesha kitambulisho, malipo yanapita benki au kwa hundi, mwenye yadi anaweka kumbukumbu na anaomba leseni kwa halmashauri. Wizi wa metali ulishuka sana katika miaka iliyofuata. Si haki kuipa sheria sifa zote, kwa kuwa bei ya shaba nayo ilianguka, kutoka zaidi ya dola 10,000 mwanzoni mwa 2011 hadi chini ya dola 4,500 mwanzoni mwa 2016. Mwizi naye hupitia hesabu zake.

Kenya ilipitisha Sheria ya Vyuma Chakavu mwaka 2015, inayodai leseni na kumbukumbu na kuunda Baraza la kusimamia biashara hiyo. Januari 2022, baada ya nguzo za umeme kuanguka na nchi kukaa gizani, Rais Uhuru Kenyatta alisimamisha biashara yote ya vyuma chakavu. Marufuku iliondolewa Mei mwaka huo. Katika miezi hiyo mwenye yadi mwaminifu na asiye mwaminifu walifunga pamoja, na yule wa kwanza ndiye aliyekuwa na mishahara ya kulipa. Hiyo ni hasara ambayo haijawahi kuingizwa kwenye hesabu ya mtu anayenunua rejeta moja ya wizi kwa kuwa ni ya bei poa.

Aidha, Sheria ya Kanuni za Adhabu ya Kenya, kifungu cha 322, inamtisha mpokeaji wa mali ya wizi kwa kifungo kisichozidi miaka 14. Faida ya dola chache katika rejeta ya kilo 12, ikigawanywa kwa hatari ya aina hiyo, haifanani na biashara yoyote inayofundishwa popote.

Lipo pia jambo la faida ya wazi. Yadi yenye mtu mmoja anayejua kutofautisha vitu, ambayo inatenga kando kibao, taa, kabureta au boneti ya kale iliyokuja kwa njia halali, na kuiandika jina la aliyeileta, inaweza kuuza kwa bei ya kipande kile ilichonunua kwa kilo. Mtaji unaohitajika ni rafu, daftari na subira. Wengi wanayo nafasi ya rafu. Kinachowashinda ni subira, kwa kuwa mzani unalipa leo.

KABLA YA KUNUNUA

Mwekezaji mdogo anayefikiria kuweka akiba yake kwenye gari la kale, badala ya kiwanja au hisa, hana budi kuanza na kile ambacho hakipo. Wauzaji husema gari limekamilika isipokuwa vitu vidogo vidogo. Yaliyotokea kwa vichwa vya Barry yanatosha kumfanya aombe orodha ya hivyo vidogo, kila kimoja na mahali kitakapopatikana, kabla ya kutaja bei. Kifaa kisicho na wa kukitengeneza na kisicho na mwenzake kwenye gari jingine kinapaswa kuhesabiwa kwa gharama ya kukisubu upya, si kwa bei ya duka la spea.

Pili ni namba. Namba ya chasisi na ya injini zilinganishwe na kadi ya gari na kibao chake. Gari ambalo injini yake ya asili iliibiwa na kuwekewa nyingine linaweza kuwa zuri la kuendesha, lakini haliuzwi bei moja na lile lenye injini iliyotoka nayo kiwandani. Muuzaji anayesema tofauti hiyo ni ndogo aombwe basi aishushe bei kwa kiasi hicho kidogo, aone.

Tatu, gari lililolazwa nje ndilo huibiwa. Gari linalotembea lina mtu anayelitazama kila siku. Lililoinuliwa juu ya matofali, likiwa na boneti ya alumini na rejeta ya shaba, ni bohari isiyo na mlinzi. Wenye uwezo mdogo hufanya vema kutoa rejeta, kabureta, taa na betri, kuzifungia ndani, na kubaki na bodi nje. Kuchonga namba kwenye sehemu zisizoonekana kwa haraka hugharimu kidogo, na kipande chenye namba humsumbua mwenye mzani anayejali leseni yake.

Mwisho ni bima. Sera ya kawaida ya gari hulipa thamani ya soko siku ya hasara, na kwa gari la miaka 60 mkadiriaji anaweza kuiona thamani hiyo kuwa karibu na ile ya chakavu. Panapopatikana sera ya thamani iliyokubaliwa tangu mwanzo, pande zote zikiwa zimetia saini baada ya kulikagua gari na kulipiga picha, malipo yake ya mwaka huwa na maana zaidi. Picha hizo zionyeshe namba zote, na ikiwa sera inaruhusu, vipuri vilivyotolewa na kufungiwa ndani viandikwe ndani yake kwa majina, maana bima nyingi za gari hazikijui kitu ambacho hakijafungwa kwenye gari.